Meli Isiyo na Ngazi

Tukishavuka sabini, meli za wazee huturuhusu kusafiri na marehemu mmoja, akiwa na sura yake, sauti yake, hata cheko lake. Siku hizi hakuna anayeshangaa.

Meli niliichagua mimi, kwa ajili ya goti la mume wangu Shekue. Haina ngazi, ina daktari, na bafu lina vishikio. Katika ofisi ya wakala wa meli, binti aliyetuhudumia akamuuliza, "Babu, utasafiri na marehemu yupi?"

Nilidhani atamtaja mama yake.

"Mwanakombo," akasema, bila hata kufikiri.

Mke mwenzangu. Tulimzika miaka kumi na tisa iliyopita, na meli itamrudisha vilevile, ana miaka arobaini, magoti yake hayaumi.

"Basi tutagawana zamu kama zamani," nikasema, nikijilazimisha kucheka. "Siku mbili kwake, mbili kwangu."

Shekue akanishika mkono kwa upole. "Wewe tunaonana kila siku, mama Rehema. Nyumbani."

Binti akainamisha macho. Kwenye fomu, penye idadi ya abiria walio hai, Shekue alikuwa ameshaandika kwa mkono wake: mmoja.