Karatasi za Vitumbua

"Sista, nyie ndo mnachapisha mashairi?"

Mwajabu aliinua kichwa kutoka kwenye maboksi. Tangu aanze kuchapisha pale Manzese, maduka yote yalimwambia mashairi hayauziki, na asubuhi hiyo alikuwa anafungasha afunge ofisi.

Dada aliyesimama mlangoni alimnyooshea karatasi iliyolowa mafuta mpaka maandishi ya nyuma yakaonekana mbele. Mwajabu akaitambua. Ilikuwa moja ya kurasa zilizoharibika mtamboni, alizompa jirani afungie vitumbua.

"'Ikibisha hodi mvua, bati langu huitika,'" dada akasoma. "Halafu? Ubeti unaofuata uko wapi? Kule kijiweni tunabishana tangu juzi. Mie siondoki!"

Mwajabu aliacha kufungasha. Akachana boksi, akamkabidhi kitabu. Dada akakifunua kwa vidole vyake vya mafuta, akakisoma palepale, akaangua kicheko, akanunua vitatu vya wenzake.

Mwajabu akakimbilia dirishani, akamwita yule jirani wa vitumbua. "Shikamoo, mama! Zile karatasi zimebaki?"

"Marahaba. Zimeisha, mwanangu. Kesho nafungia magazeti."

"Usithubutu!"

Akachukua kitabu kipya kabisa, kisicho na doa, akatafuta ukurasa unaokatia shairi patamu, akauchana.