Kikao cha Kinyonga

Alikuwapo Kinyonga, wakili ambaye hata Simba alimwamkia. Nyegere alipotaka kuutwaa mzinga wa Nyuki, Kinyonga aliwatetea Nyuki, wakashinda. Lakini ujira wake, masega mawili ya asali, hakuuona. Kila akibisha hodi mzingani, karani alimjibu, "Wakili, suala lako linasubiri kikao."

Masika mawili yakapita. Nyegere akakata rufaa, Nyuki wakamiminika kwa Kinyonga.

"Mheshimiwa, tuokoe! Kesi ni leo!"

"Suala lenu linasubiri kikao."

"Kikao gani, nawe uko peke yako?"

"Cha macho yangu. La kulia limekubali. La kushoto bado linatazama mzingani."

Yakaletwa masega manne. Macho yote mawili yakaelekea mahakamani, na siku hiyo, bisheni mkitaka, Kinyonga alikimbia.