Firigisi ya Bibi

Siku hizi kila familia hufanyiwa tathmini wakati wa chakula cha Jumapili. Mwezeshaji, kisanduku cha ukutani, humpa kila mtu dakika mbili za kusema, kisha hutoa alama. Familia ikishindwa mara tatu, hutenganishwa meza, kila mtu akala peke yake. Sisi tumeshindwa mara mbili, kwani Baba hajasema neno tangu Bibi afariki.

Bibi hakuhitaji kisanduku. Alimpa firigisi aliyekuwa kimya kuliko wote, na ukiila lazima useme.

Mimi niliyewahi kuficha mbuzi bwenini sikushindwa kuiba firigisi jikoni. Nikaiweka kwenye sahani ya Baba kwa taadhima.

“Kula, mzee. Sheria ni sheria.”

Akatafuna. “Namkumbuka mama yangu,” akasema, akalia. Tukalia wote, kwa raha kabisa.

“Ushiriki, mia,” kisanduku kikasema. “Furaha, sifuri. Mmeshindwa mara ya tatu.”

Mama akainuka kutenganisha sahani.