Risasi ya Pili

Lusinde, mtunza silaha wa askari wa wanyamapori, alichomeka rula kwenye tundu la risasi ndogo ya bastola aliyoipiga kwenye bonge la udongo mbichi, kupima ilivyozama, akaandika: sentimita ishirini na nane. Risasi hiyo ndiyo aliyomchagulia rafiki yake Ngwale, kwa kuwa haitikisi mkono. Nyati aliyemvamia Ngwale alipigwa nayo, hakuanguka.

Akajaza bastola ya pili kwa risasi nene kama kidole gumba.

Mjane wa Ngwale alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. "Shemeji, wiki nzima unapiga ile ndogo tu. Udongo umekukosea nini?"

"Nataka kujua kama hii kubwa ingemwokoa."

"Basi ipige."

Lusinde akalenga. Mjane akangoja, akachoka, akaenda zake. Ndipo Lusinde akaitoa risasi bila kuipiga, akaisimamisha kando ya ganda tupu la ile ndogo, akaufunika udongo kwa gunia lililoloa, usikauke mpaka kesho.