Mawese ya Elfu Sita

Siku ya kumi na moja mfululizo, simu haikulia.

Oda ikiingia, ile programu ya soko la mtandaoni hulia kama kengele ya baiskeli, kring kring, kwa sauti ambayo wavuvi wa Bangwe huisikia wakiwa majini wakageuza shingo. Sasa kimya. Mzee Zefania aliipigapiga kofi kama redio iliyochoka betri.

Kiinua mgongo chake chote cha reli kilikuwa ndani ya pipa la mawese, stoo. Alishaapa: mwezi ukiisha bila faida, duka linafungwa na pipa linauzwa. Na mafuta pipani yalikuwa yanashuka wakati wateja hawapo! Alilaumu joto. Kisha akalaumu panya, akategesha mtego mlangoni pa stoo. Panya wa Kigoma wamesoma. Hakunasa hata mmoja.

"Huyu mwenye duka la Dhahabu Nyekundu humo mtandaoni ndiye ananimaliza," alifoka. "Lita moja elfu sita! Mama Elida, unanisikia?"

Mkewe, Margareta, alikuwa uani akipepeta mchele. "Nakusikia, Baba Elida. Tangu juzi nakusikia."

"Mimi nauza elfu saba. Soko linakata asilimia kumi na tano, hiyo elfu moja na hamsini. Kutoa hela, mia tatu. Boksi, mia nne. Chupa, mia tano. Mafuta yenyewe nilinunua elfu nne na mia tano. Sasa mimi nabaki na nini?"

"Mia mbili na hamsini," alijibu Margareta, ungo haujasimama. "Hata soda hupati."

"Na yeye kwa elfu sita? Kila chupa anakula hasara ya mia sita! Mwezi wa tatu huu, mbona hafi?"

"Labda mafuta hanunui."

"Anayateka ziwani kwa ndoo?"

Margareta alicheka mpaka kitenge chake kipya kikamvuka begani.

Zefania akaingia ndani amenuna. Miaka thelathini na mmoja alihesabu mabehewa stesheni, halikumpotea hata moja, leo anashindwa na chupa! Basi atainunua hiyo chupa, aionje, ajue imechanganywa na nini. Ili asijulikane, akaandika jina la shemeji yake, Onesmo. Akachagua kulipa atakapopokea. Akabonyeza.

Kring kring.

Akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Kimya. Kengele ilikuwa imelia uani.

Alichungulia dirishani. Margareta alikuwa ameweka ungo chini, anasoma simu aliyoichomoa kwenye pindo la kitenge. Akatabasamu. Akachukua faneli na chupa tupu, akauruka mtego wa panya bila hata kuutazama, akaingia stoo.