Eda ya Twaiba

Bakora ilipita mbele ya uso wa Mumbe na kufunga njia.

"Nimeshakuambia, daktari. Huyu haendi popote."

Mumbe hakuwa daktari, alikuwa muuguzi. Lakini pale kambini kila aliyevaa glavu alikuwa daktari. Hata Kimanzi, dereva wao, alishaombwa dawa ya presha tangu kanisa lao la Shimba Hills literemshe maboksi kwenye shule hii, walikokimbilia watu wa bondeni mto ulipowaingilia majumbani.

Mwenye bakora ni Bi Subira. Alikaa kwenye kiti cha watoto wa nasari, pembeni mwa darasa, mbele ya pazia la leso mbili. Nyuma ya pazia alikuwa mkaza mwanawe, Twaiba, amekaa eda. Waziri, mkata miwa wa Ramisi, mume wa Twaiba na mwana wa pekee wa Bi Subira, alizikwa Ijumaa.

"Bibi, mkono umeoza," Mumbe alisema. "Asipofika hospitali ya Msambweni leo, utakatwa. Akichelewa zaidi, hata kuukata hakutamsaidia."

"Mfunge hapa hapa."

"Hapa nina bandeji na Panadol."

"Basi mpe Panadol."

"Hii si eda, ni jela," Kimanzi alinong'ona mlangoni. "Na nyanya ndiye askari, rungu analo."

"Nimesikia," Bi Subira alisema. "Na wewe rudi nyuma. Mwanamume havuki hapa."

Kimanzi akarudi nyuma kama kuku aliyemwagiwa maji.

Mumbe aliruhusiwa kuingia peke yake. Twaiba alikuwa kwenye mkeka, mkono ameuegemeza kwenye mto, jasho linamtoka.

"Dada, nani yuko mlangoni? Ana sauti nzito."

"Dereva wetu. Ni kelele tu, hana lolote."

Alipomfunua mgongo amsikilize kifua, Mumbe aliona alama. Nyingine mbichi, nyingine zilishageuka rangi zamani.

"Magogo," Bi Subira alisema kutoka upande wa pili, kabla hajaulizwa. "Mto ulikuwa na magogo."

Mumbe akatazama kivuli cha bakora kwenye leso. Akapiga hesabu zake kimya.

"Ni yeye?" alimuuliza Twaiba kwa macho tu, akionyesha pazia.

Twaiba akatikisa kichwa. "Mama ananitunza."

Mumbe hakuamini. Wanaopigwa wote husema hivyo.

Akaenda kumwita Ustadh Abdulwahab, aliyeongoza maziko. Ustadh akasimama mbali kidogo na pazia, kwa adabu.

"Bi Subira, mgonjwa ana ruhusa ya kutoka. Eda haimzuii kutibiwa."

"Najua, ustadh."

"Basi?"

"Basi haendi."

Nje, Ustadh akajaribu kumpoza Mumbe. "Mvumilie, binti. Ule mwili tuliutoa kwenye miwa, uso maji yalishaumaliza. Nikamuuliza, una hakika ni Waziri? Akautazama mara moja tu. Akaniambia, mimi ndiye niliyemzaa. Wala hakutoa chozi. Uchungu mwingine hukausha macho."

Mumbe alirudi ndani amekasirika zaidi. Uchungu si sababu ya mtu kupoteza mkono.

"Daktari," Bi Subira alimwanza, "huko kwenu Ukambani hakuna hospitali?"

Kejeli hiyo Mumbe aliizoea. "Ziko, bibi. Na ya Msambweni ipo, tena iko karibu."

"Karibu," Bi Subira alisema, kama aliyetajiwa ugonjwa. "Na barabara ya Ramisi? Imeshafunguka?"

"Tangu asubuhi. Magari yanapita, wakata miwa wanarudi. Kwa hiyo hata sababu ya barabara huna." Mumbe akavua glavu. "Naenda kumleta chifu. Nitamwambia nilichokiona mgongoni, na aliyefanya atajibu."

"Mlete. Mimi simwogopi chifu."

Bi Subira alikuwa anatazama dirishani, kule chini njia inakoanzia. Ghafla akainuka, kile kiti kidogo kikaanguka.

"Mchukue."

"Nini?"

"Mchukue, nimesema! Mlango wa nyuma. Dereva wako aje ambebe."

"Si umesema mwanamume havuki?"

"Avuke! Na si Msambweni. Mpelekeni mbali, huko kwenu. Haraka, mwanangu, nakuomba."

Hilo "mwanangu" ndilo lililomwondoa Mumbe pale. Kimanzi alimbeba Twaiba mikononi, huku amegeuza uso pembeni kwa heshima hadi nusura agonge mlango. Wakamlaza garini. Twaiba hakuuliza anapelekwa wapi. Aliuliza tu, "Mama je?"

"Anabaki," Mumbe alisema, akakumbuka mkoba wa dawa. Akarudi mbio kuuchukua.

Darasani, kina mama waliokuwa wakibishana juu ya foleni walikuwa wameinamisha macho, mmoja amemvuta mtoto wake kifuani. Katikati alisimama mwanamume mwenye gambuti, matope hadi magotini, panga limeviringishwa kwenye gunia, harufu ya pombe ya mnazi imemtangulia. Mumbe alidhani wanaogopa panga.

Bi Subira alikuwa ameshaketi tena kwenye kiti chake, bakora mapajani, analinda pazia lisilo na mtu.

"Shikamoo, mama," mwanamume alisema. "Ni mimi. Mke wangu yuko wapi?"

Bi Subira akamtazama taratibu, kutoka gambuti hadi usoni. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, macho yake yalijaa machozi.

"Marahaba, baba," alisema. "Umefanana sana na mwanangu Waziri. Tulimzika Ijumaa."