Mapigo ya Saa Tisa

"Mia moja na kumi na sita," mume akasema kwenye simu, akihema.

Muuguzi akaiandika namba hiyo. Asubuhi, mke wa mzee huyu alipotoka wodini, mapigo yake ya moyo yalikuwa themanini na mbili. Muuguzi aliyahesabu mwenyewe, na ndiye aliyetia sahihi aende nyumbani.

Zamani mtu aliyepunguzwa tumbo la chakula ili apungue uzito, kama mke huyu, alilazwa siku nne. Sasa analala usiku mmoja tu, mradi anywe maji bila kutapika, atembee, asiwe na homa, na nyumbani awepo mtu wa kumhesabia mapigo kila baada ya saa tatu. Muuguzi aliupigania utaratibu huo mwaka mzima. Leo alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo, miguu imevimba, na alichotaka duniani ni mambo yaende sawa naye akalale.

Mume alifundishwa asubuhi hiyohiyo. Alifika juu hoi, mkono ukutani, akasema lifti ya hospitali hii imewekwa kwa mapambo. Mke alikuwa bafuni akibadili nguo. Muuguzi hakuwa na muda wa kumsubiri. Alimshika mzee vidole viwili, akamwekea shingoni.

"Hapa, baba. Unayasikia?"

"Nayasikia, sista. Kumbe yanagonga hivi."

"Dakika nzima, ukiangalia saa. Usinikisie."

Na kweli, mzee hakukisia. Saa sita alipiga simu akasema mia moja na nne. Muuguzi akajiambia ni uchovu wa safari. Sasa ni saa tisa, na namba imepanda.

"Maji anakunywa?"

"Kidogo kidogo, kama ulivyosema."

"Tumbo linamuuma?"

"Anasema halimuumi. Sasa hivi yuko jikoni ananisema, eti vyombo nimeviosha vibaya."

"Homa?"

"Hana."

Hapo ndipo muuguzi alipozidi kuogopa. Mshono wa tumbo ukianza kuvuja, mapigo hutangulia kupanda. Maumivu huja baadaye, na mara nyingine huwa mmeshachelewa.

"Hesabu tena, baba. Nasubiri."

Dakika ikapita. Alisikia pumzi ya mzee tu.

"Mia moja na thelathini na moja." Sauti ikamkatika. "Sista, nimeishi naye miaka thelathini. Niambie ukweli."

"Mlete. Sasa hivi."

Akatandika kitanda kilekile alichokitandua asubuhi, akasogeza mtungi wa oksijeni, akatundika dripu. Daktari wa upasuaji akaja akasimama pembeni, mikono mifukoni.

"Labda tulikuwa na haraka," akasema.

Muuguzi akanyoosha mrija wa dripu. Alikuwa anaiwaza sahihi yake.

Nusu saa baadaye mke akaingia kwa miguu yake, kanga imefungwa vizuri, uso umekunjamana kwa hasira. Mume alikuwa nyuma kabisa, bado kwenye ngazi.

"Mwanangu, mimi mzima," mke akasema, akikaa kitandani. "Huyu baba watoto ndiye kanichosha. Tangu tufike kaganda kwenye kiti cha dirishani na saa yake, ukimsemesha anakwambia nyamaza nahesabu."

Muuguzi akamshika mkono, macho kwenye saa ya ukutani. Themanini. Akarudia, dakika nzima nyingine. Themanini. Daktari akambonyeza tumbo. Lilikuwa laini, na mke akauliza kama wamemaliza kumchezea.

Mume akafika mlangoni.

"Baba," muuguzi akamwambia, "hebu nionyeshe ulivyokuwa unahesabu."

Mzee aliegemea ukuta. Jasho lilikuwa linamtiririka na midomo imempauka. Akainua vidole viwili, polepole, akaviweka kwenye shingo yake mwenyewe.